Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta ya Zamani: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika katika maduka ya kuchapisha, shuleni na majumbani mwetu zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Zilifanya kazi katika ofisi za ng'ambo kwa miaka kadhaa, kisha zikaletwa nchini na kuuzwa kwa bei ambayo mwananchi wa kawaida anaimudu. Kompyuta ya namna hiyo, hata ikiwa na umri wa miaka kumi au zaidi, huweza kuandika barua, kutunza hesabu na kuhariri picha za pasipoti bila taabu. Lakini vipuri vyake huchoka, na kimojawapo ni kadi ya grafiki, yaani kile kipande kinachotengeneza picha inayoonekana kwenye skrini.

Hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Mwenye kompyuta hufunga safari hadi mjini, humwambia muuzaji kwamba anataka kadi ya grafiki, hulipa na kurudi nyumbani. Akifika, hugundua kuwa kadi haiingii ndani ya kasha. Au inaingia lakini kompyuta haiwaki. Au inawaka lakini waya wa skrini yake hauna pa kuchomekwa. Anaporudi dukani huonyeshwa maandishi yaliyopigwa chini ya risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

Tunapenda mlaji atofautishe mambo mawili. Mnunuzi aliyepewa kitu kisicholingana na maelezo ya muuzaji analindwa na sheria, na maandishi hayo ya risiti hayahalalishi udanganyifu. Lakini mnunuzi aliyepewa kitu kile kile alichokitaja, kikawa hakiafikiani na kompyuta yake kwa sababu hakuipima, ana hoja dhaifu mbele ya muuzaji. Ndiyo maana somo hili linaanzia nyumbani, kompyuta ikiwa imefunguliwa mezani, wala si dukani. Katika ununuzi huu, kompyuta ya zamani ndiyo inayochagua kadi.

1. Je, ni kadi kweli iliyoharibika?

Skrini isiyoonyesha kitu si ushahidi wa kutosha kwamba kadi imekufa. Kabla ya kutumia fedha, mlaji afanye uchunguzi huu mfupi.

Kwanza, ajaribu skrini hiyo na waya wake kwenye kompyuta nyingine. Pili, azime kompyuta, achomoe waya wa umeme ukutani, aguse sehemu ya chuma tupu ya kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha aichomoe kadi, apanguse vumbi, asafishe meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio laini na kuirudisha mahali pake kwa kuikandamiza sawasawa. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi, kutu nyembamba katika meno hayo huweza kukata mawasiliano. Tatu, afanye vivyo hivyo kwa vipande vya memori, kwa kuwa memori iliyolegea nayo huiacha skrini ikiwa nyeusi.

Nne, na hili ndilo lenye faida kubwa zaidi, atazame nyuma ya kasha karibu na matundu ya kibodi na kipanya. Ikiwa hapo pana tundu la skrini, huenda kompyuta hiyo haihitaji kadi hata kidogo. Prosesa nyingi za Intel Core za kizazi cha pili, zilizoanza kuuzwa mwaka 2011, na vizazi vilivyofuata, zina uwezo wa kutengeneza picha ndani yake zenyewe. Yatosha kuichomoa kadi mbovu, kuchomeka waya wa skrini kwenye tundu la ubao mama na kuwasha. Kompyuta nyingi hulifunga tundu hilo maadamu kadi imo, hivyo ni lazima kadi itolewe kwanza. Kwa kazi za maandishi, intaneti na video za kawaida, uwezo huo wa ndani unatosha. Tumeliweka jambo hili mwanzoni kwa makusudi: kadi ya bei nafuu kuliko zote ni ile usiyolazimika kuinunua.

2. Vipimo vitano

Ikithibitika kwamba kadi inahitajika, chukua bisibisi, rula, kalamu na karatasi. Andika majibu ya vipimo hivi vitano.

Kipimo cha kwanza: sloti. Sloti ni ule mfereji wa plastiki ulio juu ya ubao mama, ambao mafundi wetu huuita mazabodi, ambamo kadi huchomekwa. Kadi za leo hutumia sloti ya PCI Express yenye njia 16, ambayo ina urefu wa karibu sentimeta 9. Ile fupi yenye urefu wa sentimeta 2.5 hivi ni ya vifaa vidogo. Kompyuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2004 aghalabu zina sloti ya aina nyingine iitwayo AGP. Hizi mbili haziingiliani kamwe, na hakuna adapta ya kuaminika ya kuziunganisha.

PCI Express ina matoleo kadhaa, lakini matoleo hayo huafikiana: kadi ya toleo la 3 hufanya kazi katika sloti ya toleo la 2, kwa mwendo wa toleo la chini. Kwa kadi nyingi upungufu huo ni mdogo. Zipo hata hivyo kadi mpya zilizopunguzwa njia, na hizo huumia zaidi. Mfano ni AMD Radeon RX 6400 ya mwaka 2022. Kadi hii ina njia 4 tu za toleo la 4, hivyo ikiwekwa katika kompyuta yenye toleo la 3 hupata nusu ya upana wa mawasiliano uliokusudiwa, na katika toleo la 2 hupata robo. Upya wa kadi peke yake si sababu ya kuinunua.

Kipimo cha pili: nafasi. Yapo makasha mapana na yapo membamba. Tazama lile bati la chuma linaloishikilia kadi nyuma ya kasha. Likiwa na urefu wa sentimeta 12 hivi, kasha linapokea kadi za kimo kamili. Likiwa na sentimeta 8 hivi, kasha linapokea kadi fupi za nusu kimo peke yake. Kisha pima urefu kutoka nyuma ya kasha hadi kitu cha kwanza kitakachoizuia kadi, iwe diski, feni au waya. Hatimaye hesabu nafasi zilizo wazi kando ya sloti: kadi yenye feni nene huchukua nafasi mbili, na kama jirani yake ni pawa saplai au kadi nyingine, haitaingia. Ukinunua kadi ya nusu kimo, hakikisha bati fupi limo katika boksi, kwa sababu baadhi ya kadi hizo hufungwa bati refu na lile fupi huwekwa pembeni, nalo hupotea kwa urahisi dukani.

Kipimo cha tatu: umeme. Hapa ndipo makosa huwa ya hatari, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Sloti ya PCI Express yenye njia 16 huruhusiwa kuipa kadi umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huongezewa kwa waya kutoka pawa saplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza wati 150. Kompyuta nyingi za ofisini hazina waya hizo. Basi kanuni ya kwanza kwa mwenye kompyuta ya namna hiyo ni kutafuta kadi isiyo na tundu lolote la umeme juu yake. Aidha, baadhi ya kompyuta nyembamba hutoa chini ya wati 75 katika sloti, hivyo kijitabu cha mtengenezaji kisomwe pale kinapopatikana.

Kanuni ya pili ni kusoma lebo ya pawa saplai kwa makini. Usiishie kwenye namba kubwa ya wati iliyoandikwa juu. Tafuta mstari wa volti 12, kisha uzidishe 12 kwa ampea zilizoandikwa hapo. Pawa saplai inayojitangaza kuwa na wati 500 lakini ikaandikwa ampea 18 katika mstari huo ina wati 216 tu pale zinapohitajika, maana kadi na prosesa hutegemea zaidi mstari huo. Jumlisha mahitaji ya prosesa, ya kadi, na wati 50 hivi kwa ajili ya ubao mama, diski na feni. Jumla hiyo isizidi robo tatu ya uwezo uliopatikana. Umeme wetu hupanda na kushuka, na pawa saplai iliyozeeka haina tena nguvu iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani.

Kanuni ya tatu ni onyo. Wapo wauzaji wanaopendekeza adapta inayochukua umeme wa plagi ya diski aina ya SATA na kuugeuza kuwa plagi ya pini 6. Plagi ya SATA imeundwa kupitisha ampea 4.5 katika volti 12, yaani wati 54, ilhali plagi ya pini 6 inaweza kudai wati 75. Tofauti hiyo hugeuka kuwa joto, na joto huyeyusha plastiki. Tunamshauri mlaji asiikubali adapta hiyo hata akipewa bure.

Wengine huambiwa wabadilishe pawa saplai yenyewe. Ushauri huo unafaa kwa kompyuta zenye plagi ya kawaida ya pini 24. Lakini kompyuta kadhaa za ofisini zilizotengenezwa tangu mwaka 2013 hivi zina plagi za mtengenezaji mwenyewe, zenye pini 6 au 8 pale ambapo zingekuwa 24, na pawa saplai ya kawaida haiingii. Hesabu pini kabla ya kulipa. Na kwa vyovyote vile, mlaji asifungue kasha la pawa saplai, kwani ndani yake umeme huweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa.

Kipimo cha nne: skrini. Tazama nyuma ya skrini yako kuna tundu gani: VGA, DVI, HDMI au DisplayPort. Skrini nyingi za zamani zina VGA peke yake, lile tundu lenye matundu madogo 15 ambalo mara nyingi huwa la rangi ya buluu. VGA hupokea mawimbi ya aina ya kale, ilhali kadi mpya hutoa mawimbi ya kidijitali tu. Katika familia ya NVIDIA, kadi za GTX 900 na nyingi zilizotangulia zilikuwa na tundu la DVI-I lililoweza kutoa aina zote mbili, hivyo adapta ndogo ya bei ya chini ilitosha. Kuanzia familia ya GTX 10, iliyotoka mwaka 2016, tundu lililobaki ni DVI-D lisilotoa mawimbi ya VGA. Adapta ile ndogo haitafanya kazi hapo. Itahitajika adapta yenye saketi ndani yake ya kugeuza HDMI au DisplayPort kuwa VGA. Gharama ya adapta hiyo iingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

Kipimo cha tano: programu. Kadi bila draiva ni kama gari bila dereva. Itasogea, lakini haitakufikisha mbali. Chunguza kama kampuni iliyotengeneza kadi bado inatoa draiva kwa mfumo uendeshaji unaoutumia. NVIDIA iliacha kutoa draiva za kawaida kwa kadi za kizazi cha Kepler, zikiwemo GT 710 na nyingi za GT 730, mwaka 2021, na masahihisho ya usalama kwa kadi hizo yakakoma mwaka 2024. Kwa kizazi cha Pascal, chenye GT 1030 na GTX 1050 Ti, draiva za kawaida zilifikia kikomo Oktoba 2025, na kampuni imeahidi masahihisho ya usalama hadi Oktoba 2028.

Zingatia pia umri wa ubao mama. Kadi nyingi mpya hutarajia kompyuta iwashwe kwa mfumo wa UEFI, na katika ubao mama wa zamani wenye BIOS ya kale huenda skrini isionyeshe lolote. Kadi za Intel Arc, kwa mfano A380, hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake zikikosa kipengele kiitwacho Resizable BAR, ambacho kompyuta za zamani kwa kawaida hazina.

Mwisho, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 rasmi huhitaji prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kadi mpya haiondoi tatizo hilo. Mwenye kompyuta ya kale anaweza kutumia Linux, lakini ni vema aamue hilo kabla ya kununua kadi.

3. Mfano wa kukokotoa

Tuchukue mfano wa mwenye duka la kuchapisha aliye na Dell OptiPlex 7010 ya kasha jembamba, kompyuta ya mwaka 2012. Prosesa yake ni Intel Core i5-3470, ambayo kiwango chake ni wati 77. Pawa saplai ni ya wati 240. Kasha hupokea kadi za nusu kimo. Skrini yake ina VGA tu. Anataka kutumia skrini mbili na kuhariri picha.

Akichagua GT 1030 ya nusu kimo, yenye kiwango cha wati 30, hesabu huwa hivi: 77 kwa prosesa, 30 kwa kadi, 50 kwa vinginevyo, jumla wati 157. Robo tatu ya 240 ni 180. Kadi imo ndani ya mpaka.

Akishawishiwa kuchukua GTX 1050 Ti ya nusu kimo, yenye kiwango cha wati 75, jumla hupanda hadi wati 202. Hiyo imepita mpaka wa 180. Huenda kompyuta ikawaka na kufanya kazi kwa siku kadhaa, lakini pawa saplai yenye umri zaidi ya miaka kumi itakuwa imebebeshwa mzigo mzito kila saa. Hatumshauri kufanya hivyo.

Tukirudi kwenye GT 1030: kadi hiyo kwa kawaida huwa na HDMI pamoja na DVI-D au DisplayPort, wala haina VGA. Kwa hiyo atahitaji adapta yenye saketi kwa skrini aliyo nayo, na kwa skrini ya pili atafute yenye tundu linalolingana na tundu la pili la kadi. Lakini kabla ya yote hayo, akumbuke sehemu ya kwanza ya somo. Kompyuta hii tayari ina tundu moja la VGA na mawili ya DisplayPort kwenye ubao mama, na prosesa yake ina uwezo wa picha. Kwa skrini mbili na uhariri mwepesi wa picha, anaweza kuanza bila kadi yoyote, na fedha aliyoitenga akaielekeza kwenye memori zaidi. Mara nyingi hiyo ndiyo huleta nafuu inayoonekana.

Kanuni ya jumla tunayoipendekeza ni hii: bei ya kadi isizidi bei ambayo kompyuta nzima ingeuzwa leo. Ikizidi, mlaji afikirie kuweka akiba kwa ajili ya kompyuta iliyo mpya zaidi.

4. Hadaa zinazojirudia sokoni

Jina moja, vitu viwili. GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na memori ya aina ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likatolewa toleo jingine lenye jina lile lile lakini memori ya DDR4, linalopitisha takribani GB 17 kwa sekunde, yaani karibu theluthi moja tu. GT 730 nayo iliuzwa katika maumbo matatu yaliyotofautiana hata kizazi. Huu si wizi wa muuzaji wa mtaani, maana kampuni yenyewe ndiyo iliyoyaita hivyo. Lakini mnunuzi asiyeuliza aina ya memori anaweza kulipa bei ya kilicho bora na kupewa kilicho hafifu. Uliza, na jibu liandikwe.

Wingi wa memori kugeuzwa sifa kuu. "Hii ina GB 4" ni kauli inayopendeza masikioni. Hata hivyo, kadi dhaifu yenye GB 4 za DDR3 hupitwa mbali na kadi bora yenye GB 2 za GDDR5. Wingi wa memori ni ukubwa wa ghala. Kasi ni upana wa mlango wake.

Kadi bandia. Wapo wanaochukua kadi za kale, wakabadilisha programu iliyo ndani yake ili zijitambulishe kwa jina jipya, wakazitia katika maboksi mazuri. Kompyuta yenyewe hudanganyika na kuonyesha jina hilo la uongo. Ipo dalili moja iliyo rahisi kwa kila mtu: GTX 1050 Ti halisi haina uwezo wa VGA, kwa hiyo kadi inayouzwa kwa jina hilo ikiwa na tundu la VGA ni ya kutiliwa shaka papo hapo. Njia ya pili ni programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 huweza kutambua kadi nyingi za NVIDIA zilizobadilishwa majina. Mwombe muuzaji aiendeshe mbele yako. Asiyekuwa na la kuficha hatakataa.

5. Nunua kwa maandishi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ununuzi huu daftari lako ni karatasi ya vipimo pamoja na risiti.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria hiyo hiyo ina kinga nyingine ambayo wengi huipoteza bila kujua: mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa hutakiwa iwe inafaa kwa matumizi hayo. Lakini anayeingia dukani na kutaja tu jina la kibiashara la bidhaa anayoitaka hudhoofisha kinga hiyo, kwa kuwa amechagua mwenyewe.

Kwa hiyo usiseme, "Nipatie GT 1030." Mkabidhi muuzaji karatasi yako na useme, "Ndugu, kompyuta yangu ni hii, vipimo vyake ni hivi, nataka kadi itakayofanya kazi ndani yake." Kisha omba risiti ya EFD, na juu yake au katika karatasi iliyopigwa muhuri wa duka yaandikwe jina kamili la kadi, aina na wingi wa memori, kama ni mpya au iliyotumika, kompyuta iliyokusudiwa, na idadi ya siku za kuijaribu. Sentensi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko mabishano ya saa nzima. Muuzaji akikataa kuandika alichokisema kwa mdomo, umepata jibu lako. Ondoka na fedha yako.

Kadi ikiwa na kasoro au si ile iliyoandikwa, rudi mapema ukiwa na risiti, boksi na picha za kadi. Ongea kwa utulivu, taja kilichoandikwa, na useme unachokitaka: kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Msipoelewana, andika malalamiko yako na uyapeleke kwa Tume ya Ushindani pamoja na nakala za vielelezo. Bidhaa bandia iripotiwe huko vilevile, hata kama umekwisha kurudishiwa fedha zako, ili mwingine asinaswe.

6. Kadi ifikapo nyumbani

Usitupe boksi. Chomoa umeme, ifunge kadi kwa utulivu, kaza skrubu ya bati na uchomeke waya wa skrini kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Weka draiva iliyotoka kwa mtengenezaji. Kisha itumie kompyuta kwa kazi yako halisi kwa saa kadhaa ndani ya siku ulizopewa za majaribio. Kadi mbovu mara nyingi huonyesha kasoro ikishapata moto: mistari ya rangi, skrini kuganda, au kompyuta kujizima. Kasoro ikijitokeza, piga picha yenye tarehe.

Karatasi ya kubeba dukani

Nakili mistari hii na uijaze kabla ya kutoka nyumbani.

Jina na modeli ya kompyuta: ........
Sloti (PCI Express au AGP): ........
Bati la nyuma (sentimeta 12 au 8): ........
Urefu uliopo ndani ya kasha: ........
Nafasi zilizo wazi kando ya sloti: ........
Ampea za volti 12 × 12 = wati: ........
Waya za ziada za umeme (hakuna, pini 6, pini 8): ........
Tundu la skrini: ........
Mfumo uendeshaji: ........
Kazi inayokusudiwa: ........

Maswali ya kujipima

1. Lebo ya pawa saplai inaonyesha ampea 16 katika mstari wa volti 12. Prosesa inahitaji wati 65. Je, kadi ya wati 75 inafaa?
2. Muuzaji anakuonyesha GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA na kusema imetengenezwa hivyo kwa ajili ya soko letu. Utafanya nini?
3. Ni neno gani linalopaswa kuongezwa kwenye risiti iliyoandikwa "GT 1030, GB 2"?

Majibu: (1) Haifai. Uwezo ni wati 192, na robo tatu yake ni 144. Mahitaji ni 65 + 75 + 50, yaani 190. Kadi isiyozidi wati 29 ndiyo itakayobaki ndani ya mpaka. (2) Usinunue. Kadi halisi ya jina hilo haitoi VGA katika soko lolote, toa taarifa. (3) Aina ya memori: GDDR5 au DDR4.